Maiki Kwenye Pindo la Khanga

Mbwawa, Jumamosi 2 Machi 2024

Mvua ya kwanza ya masika imenyesha leo, na mimi nimeipokea kwa kununa. Majirani wametoka na majembe wanachekelea. Mimi nina studio chini ya bati. Ukutani nimepigilia magodoro na trei za mayai. Bodaboda hazisikiki, watoto wa madrasa hawasikiki, lakini hakuna trei inayozuia masika. Ikianza kunyesha, kazi inasimama, na mwenye kaswida yake ananitazama kama mimi ndiye niliyeiita mvua.

Mzee Loni amefika adhuhuri na masanduku yake, amelowa chepechepe, anacheka. Jina lake kamili ni Lorne Duchak, Mkanada, fundi wa sauti na prodyuza, na mpiga harmonika, kile kinanda kidogo cha mdomo. Ndiye aliyenifundisha kazi hii alipokuja kufundisha Dar miaka minane iliyopita. Sasa kazeeka, nywele zimekuwa nyeupe kabisa. Amekuja kurekodi akina mama wa Marui, kundi la dada yake mama yangu, Mama mkubwa Swaumu. Kampuni moja ya kwao itatoa santuri yao. Anasema hii ndiyo ya mwisho, baada ya hapo anapumzika. Kwangu mimi ni ya kwanza kuandikwa jina langu kwenye jalada.

Nimempangishia chumba kwa jirani yangu Mzee Mashaka, maana mimi mwanamke ninayeishi peke yangu, na Mbwawa hii ina macho.

Jumapili 3 Machi

Leo amenisimulia maisha yake huku tunasubiri mvua ikatike. Alizaliwa Winnipeg, mji wa baridi na reli. Alianza kwa kukunja nyaya kwenye ukumbi wa dansi, akaenda Toronto kusafisha mashine za kanda, mwisho akawa yeye ndiye anayeketi kwenye kiti. Watu wakimwita "masikio". Nyimbo zilizovuma zimepita mikononi mwake, na nyingine ukizisikiliza kuna harmonika katikati, ni yeye, hajaandikwa popote. Studio aliyoipenda siku hizi watu wanakwenda kunyanyua vyuma humo.

Ana sheria moja: mashine haizimwi mpaka watu waondoke. Zamani alimrekodi mzee mmoja mpiga fidla, jikoni kwake, kisiwani Newfoundland. Walimaliza, akazima, akaanza kukunja nyaya. Yule mzee akachukua fidla yake, akapiga kitu ambacho Mzee Loni anasema hajapata kukisikia tena. Wakati wa baridi yule mzee akafariki. "Tangu siku ile," akasema, "mimi sizimi."

Anapozungumza na mtu hukaa mbele yake kabisa, anamkodolea macho mdomoni. Mashaka anaona ni utovu wa adabu. Mimi naona ndiyo heshima ya kwao.

Neno la kwanza aliloniuliza kwa Kiswahili miaka ile lilikuwa nyoka. Bado anawaogopa. Hata chooni anaenda na tochi mchana.

Jumanne 5 Machi

Nimempigia Mama mkubwa. Mjukuu wake Maulida, binti wa mwanawe Jumbe, kaka yangu, amemaliza kidato cha nne na sasa yuko ndani, ni mwali. Atatolewa baada ya Idi. Mama mkubwa amekubali turekodi kabla ya Ramadhani, ila ameweka sharti.

"Nyimbo za uani, chukueni. Za ndani, mwanaume hazisikii, na hiyo mashine yenu haizisikii. Umenielewa, Mwana?"

"Nimekuelewa, Mama mkubwa."

"Nakwambia wewe, simwambii mgeni. Mgeni ni wako."

Nikamweleza Mzee Loni. Akaitikia kwa kichwa, akasema kila nyumba ina chumba chake.

Ijumaa 8 Machi

Tumepita Mlandizi, tukashika njia ya Mzenga. Matope. Gari limesukumwa na wanafunzi. Tumelala Marui salama.

Marui, Jumamosi 9 Machi

Niandike polepole.

Asubuhi jua lilitoka, uwanja ukakauka. Wanawake walikuja na khanga zao za sare, ngoma zikapashwa motoni mpaka zikalia vizuri. Mzee Loni aliweka mashine chini ya mkorosho, mbali kidogo na nyumba. Kila mwimbaji alikubali maiki isipokuwa Mama mkubwa. Nilitaka kumbandika ile ndogo isiyo na waya kifuani, akanipiga mkono.

"Hicho kidudu hakikai kifuani mwangu."

"Mama mkubwa, bila hicho sauti yako itamezwa na ngoma."

Akafungua pindo la khanga yake, pale anapofunga ugoro na visarafu, akasema, "Weka humu." Nikaweka. Nikaifunga mwenyewe, fundo dogo chini ya bega. Nilivaa hedifoni nikasikia sauti yake imekuja nzima, na ile mikwaruzo yake yote, nikajisifu moyoni.

Wakaimba mpaka alasiri. Tulipata kila tulichokijia. Halafu Mama mkubwa akanyanyua mkono, wanawake wakaanza kuelekea ndani kwa mwali, naye akaniita. "Mwana, njoo. Huyu ni mwanao." Nikavua hedifoni, nikampa Mzee Loni, nikaenda.

Ya ndani siandiki.

Tulipotoka, Mzee Loni alikuwa palepale, hedifoni masikioni, macho kwenye vitaa vya mashine. Kaka Jumbe amesimama pembeni na kikombe cha chai, anamtazama. Nikamsogelea Mama mkubwa nichukue vifaa. Nilipofungua lile pindo, kati ya ugoro na visarafu, kitaa cha kijani kilikuwa kinawaka.

Wanawake wa hapa kitu kikishaingia pindoni kimesahaulika mpaka kitakapohitajika. Nalijua hilo tangu utoto wangu, na ndiyo kwanza nimelikumbuka.

Nimekifunika kwa kiganja. Sijui nani ameona.

Mbwawa, Jumatatu 11 Machi

Nimefungua kazi ya juzi. Chaneli ya tatu, ile ya maiki ya pindoni. Nilisikiliza kidogo tu, nikazima, nikaenda kunawa uso. Yote yamo. Kuanzia mlango ulipofungwa mpaka ulipofunguliwa, Mama mkubwa anaongoza, wenzake wanaitikia, na mimi mwenyewe nasikika humo. Imetoka safi kuliko nyimbo za uani.

Naye alikuwa amevaa hedifoni.

Hajasema kitu. Leo ameshinda anapiga harmonika kwenye kibaraza cha Mashaka, nyimbo za kwao za huzuni. Nimemuuliza, "Juzi tulipoingia ndani ulikuwa unasikiliza nini?" Akanitazama mdomoni, akasema, "Ngoma nzuri sana." Jibu gani hilo.

Jumanne 12 Machi

Mfungo umeanza. Mvua.

Alhamisi 14 Machi

Nimeifuta chaneli ya tatu, kipande kile cha ndani. Nikakaa kitako nikashukuru, kisha nikakumbuka diski. Mzee Loni hunakili kila kazi mara mbili, moja inabaki kwenye kompyuta, nyingine inakaa kwenye mkoba wake wa ngozi anaotembea nao mpaka msalani. Ndivyo alivyonifundisha. Fundi asiye na nakala ya pili, alikuwa akituambia, bado hajarekodi.

Nikimwomba diski ataniuliza kwa nini. Nikimwambia kwa nini, nimemwonyesha kuna kitu cha kusikiliza. Na kama alishasikia, basi ananitega anione nitafanyaje.

Jumapili 17 Machi

Ameniuliza chaneli ya tatu iko wapi. Ameona pengo kwenye kompyuta. Nikamwambia kompyuta ilileta shida. Akasema, bila wasiwasi, "Sawa. Ninayo kwenye mkoba. Nitairudisha."

Nilimwambia asubiri, nitatengeneza kwanza kompyuta. Kompyuta haina ugonjwa wowote. Mgonjwa ni mimi.

Jumanne 19 Machi

Mvua kutwa. Ameuliza tena chaneli ya tatu.

Ijumaa 22 Machi

Mvua. Ameuliza tena.

Mtu ananijua miaka minane, nilimwita mwalimu, nikawa namsifia kwa kila mtu. Leo nimemwangalia anakunywa chai yake mbele yangu nimefunga, nikamwona mgeni kabisa, mzee aliyezoea kuchukua vya watu. Hata ile hadithi ya mpiga fidla nimeigeuza kichwani. Labda yule mzee wa Newfoundland hakutaka kurekodiwa.

Kisarawe, Jumamosi 30 Machi

Mama mkubwa alikuja Kisarawe kutibiwa macho, akanitumia ujumbe nimfuate. Nilimkuta kwenye benchi nje ya hospitali, Jumbe kasimama nyuma yake. Kisarawe kulikuwa na ukungu, mlima wote umelowa, watu wanapita na miavuli kwenda sokoni.

"Shikamoo Mama mkubwa."

"Marahaba. Kaa." Nikakaa. Akasema kwa ile sauti yake ya chini, "Jumbe anasema mzungu wako alikuwa kavaa vile vya masikioni wakati sisi tuko ndani."

"Huvaa muda wote, Mama mkubwa. Ni mazoea."

"Sijakuuliza mazoea. Kile kidudu nilichokuwa nacho pindoni, kilikuwa hai au kimekufa?"

Niliona mikono yake juu ya magoti, ile mikono iliyonishika mimi nilipokuwa mwali. Nikasema, "Kilikuwa kimekufa. Betri iliisha mapema."

"Uliona mwenyewe?"

"Niliona."

Jumbe akageuza uso akatazama barabara. Mama mkubwa akanifunika bega kwa khanga yake, maana ukungu ulikuwa umenilowesha.

Nimesema uongo na saumu yangu mdomoni. Nimefuturu kwa maji matupu.

Mbwawa, Alhamisi 4 Aprili

Mzee Loni ameanza kumiksi nyimbo za uani. Sikupenda. Vigelegele vinachoma masikio, kayamba zinakata. Nilimwambia sauti za juu zimezidi, akasema bado hazijatosha, akaongeza. Nilitoka nje nisije nikamjibu vibaya. Mtu aliyeitwa "masikio", anafanya kazi ya mlevi.

Jumatano 10 Aprili

Idi. Nimempigia Mama mkubwa kumpa mkono wa Idi. Hakupokea. Nimempigia tena jioni. Hakupokea.

Ijumaa 12 Aprili

Jumbe kapiga simu.

"Dada, mimi nilikiona kile kitaa. Ulipofungua pindo kilikuwa kinawaka kijani. Nilinyamaza nikijua utamwambia bi mkubwa mwenyewe. Pale hospitali ukamdanganya usoni, na mimi nimesimama."

Nikaketi kitandani.

"Nimemwambia," akasema. "Sasa kasema hivi: nyimbo zimetoka nje kabla ya mwali, na mwali hawezi kutolewa kwa nyimbo ambazo mwanaume ameshazisikia. Maulida hatoki. Na wewe usije."

"Kaka Jumbe, mtoto ana kosa gani?"

"Hilo ungejiuliza pale ulipofunga fundo."

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilianzia Kisarawe, imeishia hapahapa kitandani kwangu.

Na Maulida anakaa ndani, dirisha limefungwa, anasikiliza mvua.

Jumatatu 15 Aprili

Mvua.

Jumatano 17 Aprili

Mvua. Barabara ya Mzenga imekatika. Hata ningetaka kwenda.

Jumamosi 20 Aprili

Leo nimeona kitu.

Nilikwenda kwa Mashaka kumkabili Mzee Loni. Nilikuwa nimeshapanga maneno yangu, ningemwambia atoe diski au aondoke. Nilipofika kibarazani nilisikia LUKU, ile mita ya umeme, inalia. Umeme ulikuwa unakaribia kuisha, kile kimlio chembamba kinachotoboa ubongo, kinalia kila mara. Yeye amekaa chini yake, kichwa kimekaribia kukigusa kile kidude, anasoma. Nilisimama pale nikingoja anyanyuke. Hakunyanyuka. Mke wa Mashaka akapita na ndoo, akaniambia, "Toka jana inalia, dada. Tumechoka. Huyu babu yeye wala."

Kisha umeme ukakatika. Akainua uso, akaitazama taa, akashangaa kabisa.

Nilirudi nyumbani na maneno yangu yote. Nimekaa nikiyapanga upya. Macho mdomoni mwangu. Simu yake anaiweka mfukoni, anaipokea ikitetemeka. Vigelegele vinavyochoma, ambavyo kwake havijatosha. Siku ile Marui alikuwa anatazama vitaa.

Jumapili 21 Aprili

Nimemuuliza. Nilikaa nyuma yake, nikasema kwa sauti ya kawaida, "Mzee, masikio yako yana nini?" Akaendelea kufuta harmonika yake. Nikahamia mbele nikarudia. Akaacha kufuta.

Akaanza kwa Kiswahili, akamalizia kwa Kiingereza. Sauti za juu zilianza kumtoka miaka kadhaa iliyopita. Kwanza ndege, baadaye simu, sasa maneno. Anasikia ngoma, anasikia ngurumo, harmonika yake ya sauti nzito anaisikia kwa meno. Mtu akisema polepole bila kumwona uso, kwake ni upepo. Hajamwambia yeyote. Angemwambia nani? Kazi yake yote ni hiyo. Alitaka santuri moja ya mwisho kabla watu hawajajua.

"Na chaneli ya tatu?" nikamuuliza. "Kwa nini unaiuliza kila siku?"

"Niliona kitaa kinacheza," akasema. "Muda mrefu, kinacheza. Hedifoni iko hapa, nami sisikii kitu isipokuwa mvumo wa nguo. Nikaogopa. Nikasema, kuna kitu hapa na mimi sikukipata. Nilitaka wewe uniambie ni nini."

Nikamwambia ni nini.

Aliweka uso kwenye viganja. Mimi nililia, siyo kwa ajili ya Mama mkubwa, kwa ajili yake, na kwa ajili ya mambo yote niliyokuwa nimemdhania tangu Machi nikiwa nakaa naye na kumpikia futari. Usilolijua ni usiku wa giza, na mimi giza lile nililijaza majambazi.

Akafungua mkoba, akatoa diski, akaniwekea mkononi. "Mpelekee Bibi. Na mimi nitakuja. Nitasema mwenyewe."

Jumanne 23 Aprili

Nimempigia Jumbe, nikamweleza. Akacheka kwa hasira. "Mtu kala kwa masikio yake umri wote, leo ndiyo hasikii? Dada, tafuta uongo mwingine."

Lakini amesema atamfikishia mama yake.

Jumamosi 4 Mei

Kimbunga Hidaya. Redio imetuambia tangu jana tusitoke. Upepo umeng'oa bati la choo cha Mashaka na trei zangu zimelowa zote, zimeanguka zikiwa uji. Mzee Loni alikuja kunisaidia kusogeza mashine. Hatukuzungumza, nisingemfikia kwa kelele ile hata angekuwa mzima.

Jumatano 8 Mei

Jumbe: "Bi mkubwa anasema njooni Jumamosi. Njia ya Mzenga inapitika. Vyombo vyenu mje navyo. Asiporidhika mtarudi navyo."

Marui, Jumamosi 11 Mei

Tumefika asubuhi, tukapanga maiki uani na mashine chini ya mkorosho, nikaiwasha kuijaribu. Wanawake walikuwa wameshakusanyika uani, sare zao, lakini ngoma zimelala chali hazijapelekwa motoni. Maulida ndani. Mama mkubwa kwenye mkeka, mgongo umenyooka.

"Shikamoo Mama mkubwa."

Hakuitikia. Kuku mmoja akapita kati yetu, akaenda zake, na bado hakuitikia. Kisha akasema, "Marahaba," kwa namna ya mtu anayelipa deni la jirani.

Nikapiga magoti, nikaweka diski mbele yake. Nikasema betri haikuwa imekwisha. Nikasema nilimdanganya nikiwa nimefunga, pale hospitali, chini ya khanga yake. Nikasema kidudu nilikifunga mimi na kukisahau mimi, na nyimbo ziliingia kwenye mashine, na mgeni alikuwa amevaa hedifoni, lakini hakusikia neno.

"Kwa nini hakusikia?"

Mzee Loni akasogea mbele yake, akachuchumaa amwone mdomo. Akasema, "Bibi, masikio yangu yamekufa. Mimi fundi wa sauti, sisikii sauti. Nilificha. Ni aibu yangu."

Minong'ono uani. Jumbe akaketi kwenye kigoda kando ya mkorosho na kikombe chake cha chai, akasema, "Mama, usidanganywe. Kila mtu akibanwa huwa kiziwi."

Mama mkubwa akamtazama mwanawe, akamtazama mgeni. Akamwonyesha Mzee Loni kwa kidole akakae chini ya mkorosho, kwenye kiti chake, jirani na Jumbe, mgongo kwetu. Mzee akaenda. Alitoa harmonika mfukoni akaanza kuifuta, kama afanyavyo akiwa na wasiwasi.

Mama mkubwa akainuka. Akaenda mpaka nyuma yake, hatua moja kutoka kisogoni. Tulidhani ataimba, mwanamke mmoja akaziba mdomo. Hakuimba. Kwa sauti ileile ya ndani, ya chini, aliyotumia siku ile, akaanza utani.

"Babu huyu kutwa anabusu kibati. Ndiyo maana mkewe kamkimbia, alichoka kuonja kutu."

Wanawake wakauma khanga zao. Mzee Loni anafuta.

"Na pua hii, Mola alipogawa, yeye alipanga foleni mara mbili."

Mabega ya wanawake yakaanza kutikisika. Jumbe mwenyewe akakaza midomo. Mzee Loni akainua harmonika juani, akaichungulia matundu, akarudi kuifuta.

Kisha Mama mkubwa, bila kubadili sauti, akasema, "Nyoka huyo, mguuni."

Jumbe aliruka. Kigoda kule, kikombe kule, yeye amekwea nusu ya mkorosho. Uani pakalipuka, watu wazima wakajibwaga chini kwa kicheko, na kwa kelele ile ndipo Mzee Loni alipogeuka. Alimwona Jumbe juu ya tawi, akatuona sisi tunalia machozi, akatabasamu kama mtu anayetaka kuambiwa naye acheke. Mtu anayeenda chooni na tochi mchana.

Kicheko kikakatika kimoja kimoja. Mama mkubwa alisimama palepale nyuma ya kiti, akaweka mkono begani mwa yule mzee, akauacha hapo.

"Hakusikia," akasema. "Mwali atatoka. Pelekeni ngoma motoni."

Moto ulipowaka, aliitupa diski humo kwanza. Iliyeyuka na kunuka vibaya, na ngoma zikapashwa kwenye moto huohuo. Nilidhani yamekwisha. Nikainuka niende kwenye mashine.

"Huyu bado," Mama mkubwa akasema, ananionyesha mimi. "Fundo linaweza kusahaulika, hata mimi nilikisahau kile kidudu, nikaingia nacho kwa miguu yangu. Lakini ulinidanganya juu ya mambo ya ndani. Mtu anayedanganya juu ya mambo ya ndani hajafundwa akafundika. Mrudisheni."

Wakanifunika khanga kichwani, mimi mwenye umri wangu, nikapelekwa ndani nikaketishwa mkeka mmoja na Maulida. Mtoto akanishika mkono chini ya khanga, vidole vyake vya baridi. Mlango ukafungwa.

Niliyoambiwa humo hayana tarehe wala ukurasa. Naandika tu kwamba nililia, na kwamba nilistahili.

Tulipofunguliwa, nilikimbilia mkoroshoni roho juu. Mashine nilikuwa nimeiwasha asubuhi, na sheria ya Mzee Loni naijua: haizimwi mpaka watu waondoke. Maiki zilikuwa zimetapakaa uani, moja karibu kabisa na dirisha.

Vitaa vyote vilikuwa vimezimika. Hedifoni imekunjwa juu ya kiti. Mzee Loni amekaa mbali, kwenye gogo, ameipa nyumba mgongo.

"Nani kazima?" nikamuuliza Jumbe.

"Mwenyewe. Mlipofunga mlango tu. Tena katoa na betri, za mashine na za maiki, anazo mkononi muda wote huo. Nilimwambia aziweke chini, hakunisikia."

Nilimzunguka nikakaa mbele yake. Aliponiona akafungua kiganja. Betri zilikuwemo, zina jasho.

"Kumiksi utafanya wewe," akasema. "Nitawaandikia kampuni leo. Nitawaambia kwa nini." Halafu akaongeza, "Nitapiga harmonika mimi. Ile nzito. Ile naisikia."

Kampuni wanaweza kukataa, analijua hilo na mimi nalijua. Ngoma zilianza kulia. Kivuli kikatuangukia, nikageuka, ni Mama mkubwa. Aliziokota betri kwenye kiganja cha mzee moja moja, akanipa mimi. Kisha akafungua pindo la khanga yake, akatoa ugoro, akatoa visarafu, akalishika wazi mbele yangu.

"Weka kidudu chako," akasema.